Utani wa Mvua na Pombe: Tucheke, Lakini Tujue Maji Yanakotoka

(Mazungumzo ya Katibu mbele ya wanachama wa ushirika na darasa la kisomo cha watu wazima. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shamba siku ile. Mwenye macho mazuri amsomee mwenzake. Tafadhali karatasi hii isibanduliwe kwenda kufungia karanga.)



Tunajua wengi mmekuja kusikia bei ya machungwa. Bei ipo, na mweka hazina ataisoma Jumamosi. Leo tunataka kuzungumza juu ya utani. Msicheke kwanza. Utani ni mali ya kijiji kama lilivyo ghala letu, na mali isiyotunzwa huliwa na mchwa. Msimu uliopita utani ulikaribia kutupotezea mnunuzi wetu wa Kariakoo, na habari hiyo imesemwa visimani na vibarazani kwa namna kumi tofauti. Ni heri isemwe mara moja, hadharani, ikamilike.

1. KARIAKOO NI BARAZA LA NCHI NZIMA

Wale wanaosindikiza gari letu wanajua. Tukishusha mihogo na machungwa alfajiri, mizigo ikihesabiwa na mkokoteni ukishaondoka, tunakwenda kijiwe cha kahawa. Pale pana benchi mbili, birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, na kashata kwenye sinia. Anayekaa pale haulizwi kabila, lakini hamalizi kikombe kimoja kabla kabila lake halijajulikana, kwa maana lazima atataniwa.

Darasani tulijifunza jina la Kariakoo lilikotoka. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalitengeneza jina hilo likawa Kariakoo. Basi ule ni mtaa uliozaliwa na watu wa kubeba mizigo, waliotoka kila upande. Hata leo tazama majina ya njia zake: Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Sukuma, Mtaa wa Pemba, Mtaa wa Mafia, Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Swahili. Mtu anaweza kutoka bara akaenda visiwani kwa miguu, na nauli ikabaki mfukoni.

Na utani wenyewe, wazee wanasimulia, ulisafiri na mizigo. Mnyamwezi alipoteremka na misafara kuja pwani, Mzaramo alikuwa mwenyeji wake. Safari ile ilikuwa ndefu, na mtu akifa njiani mbali na nduguze ni nani atamzika? Mtani. Ndiyo maana mpaka leo Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana bila kugombana. Mhehe na Mgogo ni hivyo hivyo, Mchaga na Mpare hivyo hivyo. Mngoni ndiye usiseme: huyo alipita na vita nchi nyingi, akaishia kuwa na watani wengi kuliko alio nao mtu mwingine yeyote.

2. KILA MTU NA MVUA YAKE

Pale kijiweni mada kubwa ni mbili. Ya kwanza ni mvua.

Asubuhi moja mbingu ilikuwa nyeusi. Mzaramo mmoja muuza madafu akamgeukia Mgogo muuza karanga, akasema: "Mtani, usikimbie. Hayo ni maji tu. Najua kwenu likidondoka tone moja watoto wanapiga yowe, wanadhani mbingu imetoboka."

Mgogo akamaliza kahawa yake taratibu. Akajibu: "Kweli mtani. Lakini kwetu likidondoka tone, tunalipokea kwa jembe. Ninyi kwenu yakidondoka kumi mnapanda juu ya paa kuitafuta nyumba."

Benchi zote mbili zikaangua kicheko. Akaingia Mkinga wa Makete, mwenye duka la vitenge, amevaa sweta ingawa ni Dar es Salaam na ni mwezi wa pili. Muuza kahawa akamwuliza, "Baba, sweta la nini na joto hili?" Mkinga akajibu: "Sitaki mwili usahau nyumbani. Kwetu mwezi wa saba umande unaganda juu ya majani. Mtu akiamka hai anajipongeza. Ninyi hapa mtu anaoga huku anatoka jasho, hajui maji yaliishia wapi na jasho lilianzia wapi."

Mnyakyusa wa Tukuyu naye akasema kwao hawaulizi mvua itanyesha lini, wanauliza itakatika lini. Mhaya akakohoa kidogo, akasema Bukoba mvua ina adabu, inakuja na radi ili watu wasikie kwamba mgeni mkubwa amefika. Muuza madafu akamwambia, "Wahaya bwana! Hata mvua yenu inajitambulisha kwa vyeo."

Ndugu, ndani ya mzaha huo mna somo zima la jiografia. Dodoma kwa mwaka mzima hupata kwa wastani mvua isiyofika milimita 700. Dar es Salaam hupata milimita 1,000 na zaidi. Bukoba na Tukuyu hufika kwenye 2,000 au hupita. Sisi wa pwani, pamoja na watu wa kaskazini na wa ziwani, tuna misimu miwili: vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba, na masika kuanzia Machi mpaka Mei. Watu wa kati, wa kusini na wa nyanda za juu wana msimu mmoja tu mrefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kwa hiyo Mgogo anapocheka vuli yetu iliyokatika, mwambieni sisi tunaisubiri masika. Yeye akikosa msimu wake, amekosa mwaka mzima. Ukilijua hilo, utamtania kwa kiasi.

Na tusiache kuutania mji wenyewe. Kati ya Kariakoo na Magomeni pana mahali panaitwa Jangwani. Hebu fikirini. Jangwa ni nchi isiyo na maji, na hapo ndipo mahali pa kwanza mjini kujaa maji! Mto Msimbazi unapita hapo hapo ukielekea baharini karibu na daraja la Selander, na masika ikikolea barabara hufungwa. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyowekwa bondeni pale imekwisha kuingiliwa na maji mara kadhaa. Sasa watazameni ndugu zetu wa mpira. Simba ni Wekundu wa Msimbazi. Yanga ni Wana Jangwani, na jengo lao liko pale Mtaa wa Twiga na Jangwani. Basi mmoja kajiita kwa jina la mto, mwingine kajiita kwa jina la mahali mto unapomwagikia. Wakishindana, nani amemshinda nani? Maji ni yale yale. Hapo tumewatania wote wawili, wasije wakasema Katibu anapendelea.

3. HALI YA HEWA NDANI YA KIBUYU

Mada ya pili ya kijiweni ni pombe. Inafurahisha, kwa sababu wanaoizungumza wameshika vikombe vya kahawa, na nusu yao ni Waislamu wasiogusa ulevi. Lakini kusema si kunywa.

Sisi tumesikiliza maneno hayo safari nyingi, tukaona jambo moja. Kila pombe ya asili ni hali ya hewa ya mahali iliyotiwa ndani ya kibuyu. Mtu hanywi anachokitaka, anakunywa anacholetewa na mvua yake.

Mchaga ana mlima, ana migomba, ana ulezi. Basi ana mbege: ndizi zinapikwa, zinaachwa siku kadhaa, kisha unatiwa mmea wa ulezi, na gome la msesewe kwa ukali. Inanywewa kwa kata, na mzee hatanguliwi. Mhaya naye ana migomba, lakini yeye haipiki ndizi. Huziivisha, huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, hutia mtama, akapata rubisi. Siku Mchaga alipolisikia hilo alisema, "Kumbe ninyi mnakunywa nyayo." Mhaya akajibu, "Nyayo za mwungwana, mtani, si za mlanguzi."

Watu wa Iringa na Njombe wana ulanzi. Hawapiki kitu. Mvua zikianza, mianzi inachipua. Mgema anakata chipukizi, anatega mbeta, maji yanadondoka yenyewe, na yakikaa yanakuwa makali yenyewe. Watani wao husema kwamba huko mvua zikishika watu hukagua mianzi kwanza, ndipo wakumbuke mahindi. Watu wa Mbeya wana kimpumu cha ulezi, na kwa sababu ya baridi yao wanakimiminia maji ya moto chunguni, wakakizunguka kila mtu na mrija wake. Tabora wana nyuki wa miombo, basi wana wanzuki wa asali. Mtwara na Lindi wana mikorosho: korosho zikiiva, mabibo yanaanguka kwa wingi, na huo ndio wakati wa uraka. Mmakonde alisema pale kijiweni: "Korosho tunawapa Wahindi, bibo tunabaki nalo. Sasa ni nani aliyechukua kilicho bora?"

Na Mzaramo, mwenyeji wa mji, ana mnazi. Mgema anapanda asubuhi, anapanda jioni. La asubuhi likinywewa mapema ni tamu kama soda, likikaa mpaka jua kuzama halina msamaha. Mithali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgogo wetu yule wa karanga aliongeza, "Wa Dar es Salaam hana haja ya kusifiwa. Masika inamsaidia kulitia maji juu kwa juu."

Sasa kuna jambo tunataka darasa lilione. Vinywaji hivi vyote vina desturi, na desturi zinafanana. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, kuonyesha kwamba hakuna baya ndani yake. Mzee hupewa kwanza. Hakuna anayekunywa peke yake gizani, kwa sababu chungu ni kimoja na macho ni mengi. Anayezidisha huambiwa basi, na huambiwa na mtani wake, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Desturi hizo ndizo zilizokuwa sheria kabla ya karatasi.

Kinyume chake ni kile kinachonywewa bila desturi. Gongo haina mwenye kuonja kwanza. Hata aliyeipika haijui ilivyotoka, na sheria imeikataza. Vile viroba vya karatasi ya plastiki, vilivyouzwa mpaka kwenye vituo vya mabasi kwa bei ya pipi, Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Hapana aliyevililia isipokuwa muuzaji. Kiroba hakikuwa na mzee wa kupewa kwanza. Mtu alikificha mfukoni, akanywa amegeukia ukuta. Vijana mnaosindikiza gari, neno letu ni fupi: fedha ya ushirika ikiwa mfukoni, kinywaji ni kahawa. Kahawa Mchaga na Mhaya wanailima, Mzaramo anaimaliza. Mtu akiwacheka kwa kutokunywa pombe, mwambieni mnamsaidia Mzaramo kazi.

4. UTANI NI DENI

Hapa sasa tunafika penye mwiba.

Msimu uliopita gari letu lilichelewa kwa mvua. Mnunuzi wetu, yule mzee tuliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuja kutupokea amepandisha suruali mpaka magotini kwa matope. Kijana wetu mmoja, hatutamtaja kwa maana amekwisha kukanywa na wazazi wake, akamwambia mbele ya watu: "Mzee, watu wa bondeni nyinyi! Mnalala na kambale kitanda kimoja, bado mwataka machungwa?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alifunga daftari, akaweka kalamu mfukoni, akasema tukatafute mnunuzi mwingine. Magunia yetu yakabaki kwenye matope. Kuulizia, tukaambiwa kwamba katika mafuriko ya Desemba 2011 maji yalimchukua mdogo wake pale Kigogo.

Wenye umri mnakumbuka mvua ile. Ilielezwa kwamba mvua kubwa kama hiyo haikuonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande kuanza maisha upya. Kwa kijana aliyekuwa mdogo wakati ule, hiyo ni hadithi. Kwa yule mzee ni mtu, na ana jina.

Kosa lilikuwa wapi basi? Si kwamba maji hayataniwi. Mgogo alisema juu ya mapaa na sote tukacheka, hata wa bondeni wakacheka. Tofauti ni hii: Mgogo ni mtani, na mtani ana deni. Msibani nani anachimba kaburi? Mtani. Nani anabeba maji, anapika, anawachekesha wafiwa wasife kwa huzuni, kisha anadai ujira wake kwa kelele? Mtani. Amenunua haki ya kucheka kwa kazi ya mikono yake. Kijana wetu alichukua kicheko kwa mkopo, na hakuwa na nia ya kulipa.

Tazameni mifano ya nchi yetu. Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri ya Jumamosi, ardhi ilitetemeka Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Wahaya tunawatania kwa majivuno kila siku, lakini siku ile hakuna kijiwe kilichowatania. Sahani ya kashata iliondolewa, ikazungushwa sahani ya mchango. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliteremka juu ya mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja mpaka Mafia. Vyombo vya baharini vya kwenda Unguja vilisimamishwa, na barabara ya kusini ilikatwa na maji. Wanaosema kimbunga ni kitu cha nchi za watu wasome historia: Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, na Lindi ikapigwa Aprili 1952.

Na tarehe 16 Novemba 2024, pale pale Kariakoo, ghorofa liliporomoka likiwa na watu ndani. Zaidi ya 20 walikufa. Hilo halikuwa la mvua wala la mlima, lakini tunalitaja kwa sababu moja. Waliosogea kwenye kifusi kwa mikono mitupu, kabla ya mitambo, hawakuuliza anayeita chini ni wa mkoa gani na kwao wanakunywa nini.

Basi kanuni ya utani tunaiandika hapa kwa herufi kubwa, darasa liinakili: ANAYEKUCHEKA NDIYE WA KWANZA KUJA NA JEMBE. Asiye na jembe anyamaze.

5. MAJI YANAKOTOKA

Wazee watatu wa kijiji walikwenda kwa mnunuzi. Walichukua Mnyamwezi mmoja, kwa kuwa mzee yule ni Mzaramo, na Mnyamwezi anaweza kumwambia lolote. Mtani akaingia akipiga kelele: "Umefunga daftari kwa sababu ya kambale? Mimi nilidhani umefunga kwa sababu huwezi kuhesabu!" Mzee akashikwa na kicheko asichokitaka. Tukatozwa faini: kahawa na kashata kwa kijiwe kizima. Tukalipa. Daftari likafunguliwa.

Lakini kabla ya kuagana, mzee alisema neno ambalo ndilo hasa lililotufanya tuwaite leo. Alisema: "Mnatucheka maji. Maji yenyewe yanatoka kwenu."

Ndugu wanachama, ni kweli. Mto Msimbazi hauzaliwi Jangwani. Unazaliwa huku juu kwetu, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Tone linaloanguka juu ya paa la ghala letu, likiteremka, litafika Kariakoo kabla ya gari letu, kwa maana lenyewe halisimamishwi barabarani. Penye msitu, tone hilo huangukia jani, likateremka kwenye gome, likanywewa na ardhi polepole. Penye tanuri la mkaa na shina lililokatwa, tone hupiga udongo mtupu, likaubeba, likakimbia nao. Mchanga huo hujaza mto kule chini. Mto uliojaa mchanga hauna pa kuweka maji, unayaweka vitandani mwa watu. Ni kweli mji nao una lake. Watu wamejenga bondeni, na taka zimeziba mifereji. Lakini hayo tuwaachie watu wa mjini waulizane. Sisi tuulizane ya kwetu.

Fikirini tena juu ya soko lenyewe la Kariakoo. Jengo lile la miaka ya 1970 lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Tulilitazama miaka mingi, tukidhani paa lile la miavuli ya zege ni urembo. Kumbe alilichora ili mvua ikusanyike juu, iteremke katikati ya nguzo, ihifadhiwe kwenye matangi chini. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza soko hilo, lakini wazo la Amuli haliungui: mvua haifukuzwi, inaandaliwa mahali pa kukaa. Mwavuli wetu sisi huku juu ni msitu.

6. TUNAYOYALETA KWENYE MKUTANO WA JUMAMOSI

Tunaleta mapendekezo manne. Yatapigiwa kura, na kila mwanachama ana kura moja, awe na shamba kubwa au dogo.

Kwanza, matanuri yote ya mkaa yaliyo karibu na vijito yafungwe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kusema mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiendeshewe shughuli za kudumu. Sisi tunazipima kwa kamba siku ya kazi ya pamoja, kila mtu aone mwisho wake ni wapi. Tunajua kuna vijana wanaoishi kwa mkaa huo, na tumbo halisikii hotuba. Kwa hiyo tunaomba sehemu ya fedha ya machungwa itengwe kununulia mizinga ya nyuki, na vijana hao ndio wawe wa kwanza kupewa. Msitu usiokatwa una maua. Asali ikizidi, Wanyamwezi watakuja wenyewe kutufundisha wanzuki, na hapo tutawatoza kiingilio.

Pili, miti ipandwe kwenye vichwa vya vijito kabla masika haijaanza, si baada yake.

Tatu, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ibandikwe ukutani hapa kila gari linapotaka kuondoka. Darasa letu lina kazi ya kuwafundisha wote maneno matatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Yanapanda kama ngazi. Likiwa angalizo, tunafunika mizigo. Ikiwa tahadhari, dereva na mwenyekiti wanashauriana. Ikiwa tahadhari kubwa, gari halitoki, hata kama machungwa yanalia.

Nne, mnunuzi wetu na wenzake wa kijiweni waalikwe kijijini siku ya kupanda miti. Waje na majembe. Mzaramo, Mgogo, Mkinga, Mhaya, Mnyamwezi, wote. Mchana tutakula pamoja, na watakaokunywa watakunywa, na wasiokunywa watapata madafu na kahawa. Siku hiyo ruhusa ya kutaniana haina mpaka, kwa sababu kila mtu atakuwa ameshika jembe.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Mvua yetu ina misimu mingapi, na ya mtani wako ina mingapi?
2. Taja vinywaji vitatu vya asili, na useme kila kimoja kinaonyesha nini juu ya hali ya hewa ya mahali pake.
3. Kwa nini mwenye pombe huonja kwanza?
4. Eleza njia ya tone la mvua kutoka paa la ghala letu mpaka Jangwani. Anayeweza aichore ubaoni.
5. Unamtania nani? Akipatwa na maafa kesho, utampelekea nini?

Swali la tano halina majibu nyuma ya karatasi. Kila mtu aje nalo Jumamosi, saa nane mchana, chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, tutakutana ndani ya ghala.



Katibu